Kompyuta Haijibu kwa Sababu Haijajibiwa

Hakuna wakati ambapo walimu wetu huzozana na kompyuta kama majuma mawili ya mwisho wa muhula. Mitihani imekwisha kutungwa, karatasi zimenunuliwa kwa shida, na wino wa printa umebaki robo. Mwalimu anafungua faili ya mtihani wake katika programu ya Word, na ghafla dirisha lote linapauka, kishale kinageuka kuwa kiduara kinachozunguka, na juu ya ukurasa yanatokea maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba programu haijibu. Hapo ofisi nzima hugeuka kuwa baraza la waganga. Huyu atasema ni virusi, yule atasema mashine imezeeka, na wa tatu atashauri izimwe kwa kuchomolewa waya ukutani. Aghalabu hakuna hata mmoja anayeitupia jicho printa iliyo pale kwenye kona, ambayo imezimwa tangu Ijumaa.

Dai langu ni kwamba mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, programu ya kuandikia haina ugonjwa wowote. Imeuliza swali, na aliyeulizwa hayupo. Nadai pia kwamba mwalimu ambaye hajaelezwa hivyo, tena kwa lugha anayoielewa barabara, ataendelea kulipia tiba ya maradhi yasiyokuwapo, na kuna nyakati ambapo malipo hayo huwa ni alama za wanafunzi wake.

Wengi wetu hudhani kwamba printa huingia kazini pale tu tunapoiamuru ichape. Sivyo. Ukurasa tunaouona katika Word si mfululizo wa maneno tu, bali ni taswira ya karatasi. Ili taswira hiyo iwe ya kweli, programu haina budi kujua karatasi itakayotumika ina upana gani, ni kingo zipi ambazo wino hauwezi kuzifikia, na herufi zitakaaje katika mstari. Mambo hayo hutofautiana kutoka printa moja hadi nyingine. Kwa hiyo Word huuliza, hata kama mwandishi hana nia ya kuchapa chochote siku hiyo. Huuliza kupitia programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo ni mkalimani baina ya kompyuta na printa. Na printa inayoulizwa ni ile teule, yaani ile ambayo kompyuta huitumia pasipo kuambiwa itumie nyingine. Fundi wa cherehani hakati kitambaa kabla ya kujua vipimo vya mteja. Vivyo hivyo Word haipendi kupanga mistari kabla ya kujua vipimo vya printa. Programu ya Excel nayo huwa na tabia hiyo hiyo, hasa inapotakiwa kuonyesha mahali ambapo ukurasa mmoja utakoma na mwingine kuanza.

Walimu wameuona ushahidi wa jambo hili mara nyingi bila ya kuutambua. Mtihani uliopangwa shuleni ukatosha kurasa 4 hupelekwa saiba mjini, ukafunguliwa, na kumbe umekuwa kurasa 5. Swali la 7 limetengana na mchoro wake, na nafasi ya kuandikia jina imesukumwa chini. Kuna wakati kosa huwa ni la fonti ambazo hazimo katika kompyuta ya pili. Lakini kuna wakati pia ambapo sababu ni kwamba kompyuta ya pili ina printa tofauti, na Word imepanga upya kurasa kwa vipimo vya mwenyeji mpya.

Sasa tufikirie kwamba printa teule iko katika jengo jingine, imeunganishwa kwa mtandao, na imezimwa. Kompyuta inabisha mlango usio na mtu. Haijui kama mwenye nyumba amelala au amehama, basi inasubiri. Na kwa kuwa sehemu ile ile ya programu inayochora dirisha na kupokea amri zako ndiyo iliyokwenda kubisha hodi, hakuna aliyebaki nyumbani kukuitikia wewe. Windows ikiona kwamba dirisha halijaitikia kibodi wala kipanya kwa muda wa sekunde 5 hivi, huliondoa na kuweka mahali pake kivuli chake kilichopauka, kisha huandika juu yake yale maneno yanayowatia watu hofu. Kumbe programu ingali hai. Imeshughulika tu na mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa isimu, na sina budi kusema neno juu ya lugha ya tangazo hilo. Kwa Kiingereza, tangazo linasema programu haijibu, na linaishia hapo. Halisemi haimjibu nani, wala halisemi kwa nini. Kitenzi kimeachwa bila yambwa, na msomaji anabaki akidhani kwamba aliyenyimwa jibu ni yeye peke yake na kwamba mkosaji ni programu iliyo mbele yake. Kiswahili kingeweza kusema zaidi kwa maneno machache, kwa maana tunayo kauli ya kutendwa inayoambatana vizuri na ile ya kutenda. Programu haijibu kwa sababu yenyewe haijajibiwa. Mtu akilipata wazo hilo hatabaki akimtazama anayesubiri, bali atageuka amtafute anayesubiriwa.

Tazama pia vitenzi tunavyovitumia wenyewe. Wanafunzi wangu husema kompyuta "imehengi". Wengine husema imelala, wengine imeganda, na wengine imekwama. Haya si maneno yenye thamani moja. Kitu kilicholala huamshwa, na ndiyo maana wapo wanaoibonyeza kibodi kwa hasira kana kwamba wanamwamsha mvivu. Kilichoganda hungojewa kiyeyuke. Lakini kilichokwama hukwama mahali. Gari hukwama matopeni na mfupa hukwama kooni, na kila tusikiapo kwamba kitu kimekwama, swali la pili linakuja lenyewe: kimekwama wapi? Kitenzi hiki kina ndugu yake pia, kukwamua, ambacho kinatuahidi kwamba jambo linaweza kutenduliwa pasipo kuharibiwa. Kama ningepewa uwezo wa kuchagua neno moja la kufundishwa katika vyuo vya ualimu kwa ajili ya hali hii, ningechagua hilo. Najua kwamba vijana hawatangoja ruhusa yangu.

Printa hupoteaje ilhali haijasogezwa? Njia ni nyingi, na nyingine ni za ajabu kidogo. Kipakatalishi cha mwalimu hubebwa nyumbani, kikaunganishwa na printa ya jirani au ya saiba, kisha kikarudi shuleni kikiwa bado kinamkumbuka yule jirani. Tangu mwaka 2015, Windows 10 imekuwa na mpangilio ambao ukiachwa wazi, mfumo wenyewe huifanya printa iliyotumiwa mwisho kuwa ndiyo teule. Mwalimu hakuchagua kitu, alichaguliwa. Njia ya pili ni ya anwani. Printa ya mtandao hupewa nambari ya anwani na ruta, na nambari hiyo si lazima iwe ya kudumu. Umeme ukipotea na kurudi, ruta inaweza kuigawa upya, na kompyuta ikaendelea kubisha katika nyumba ambayo printa imeshahama. Njia ya tatu ni foleni. Kila kazi ya uchapaji hupangwa kwanza katika foleni ndani ya kompyuta. Kazi moja mbovu ikikaa mbele, zote zilizo nyuma yake husimama, na kuna nyakati ambapo programu zenyewe nazo husimama. Mwalimu asiyejua hivyo hubonyeza amri ya kuchapa mara kumi, akaongeza kazi kumi nyuma ya ile mbovu, na siku foleni itakapofunguka karatasi zote za shule zitakwisha kwa nakala za mtihani mmoja.

Ufumbuzi wake si mgumu, na nitaueleza kama ambavyo ningemweleza mwalimu mwenzangu. Kwanza ngoja. Ngoja dakika mbili au tatu kwa saa, si kwa kukisia, wala usichomoe waya, kwani ukifanya hivyo utapoteza yale ambayo hujayahifadhi. Programu ikizinduka yenyewe baada ya muda huo, hiyo ni dalili kubwa kwamba ilikuwa ikimsubiri mtu na kwamba imechoka kusubiri. Hifadhi kazi yako papo hapo. Kisha nenda katika mipangilio ya printa ya Windows, uzime ule uchaguzi unaoiruhusu Windows ikuamulie printa teule, na uteue ile printa isiyotumia karatasi, ambayo kazi yake ni kutoa faili ya PDF. Windows 10 na Windows 11 zinayo tayari, nayo haina waya wala mtandao, kwa hiyo haiwezi kuzimwa ikiwa kwenye kona. Fungua Word upya. Ikifunguka kwa wepesi, umempata mshukiwa, na hukulipa mtu hata shilingi moja.

Ikiwa mzigo umo katika foleni, futa kazi zilizomo. Zikikataa kufutika, zima huduma ya foleni ya uchapaji, safisha folda iitwayo PRINTERS iliyo ndani ya folda ya spool katika System32, kisha iwashe huduma hiyo tena; hatua hii yahitaji mtu mwenye idhini ya msimamizi, na ni vizuri afanye aliyekwisha kuonyeshwa. Ikiwa tatizo ni anwani, mwombe anayesimamia mtandao aipe printa anwani isiyobadilika. Kwa printa ya karibu, waya wa kawaida wa USB bado ni rafiki mwaminifu, hata kama haupendezi machoni.

Nisieleweke kwamba kila kukwama kunatokana na printa. Word huweza kulemewa na vijalizo vilivyopachikwa ndani yake, na njia ya kuvipima ni kuifungua huku umekibonyeza kitufe cha Ctrl, ili ikuulize kama ungependa iamke bila ya mizigo hiyo. Diski huweza kuwa mbovu. Virusi navyo vipo. Ninachokataa ni desturi ya kuanzia mbali, kwenye tiba ya gharama na hatari, ilhali jambo la karibu linapimika kwa dakika tano.

Hatari hiyo si ya kubuni tu. Katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, fundi aliitwa kwa sababu Word ilikuwa ikikwama kila asubuhi. Akatoa hukumu kwamba mfumo umeharibika, akaifuta diski yote na kuipanga upya. Ndani ya diski hiyo zilikuwamo alama za muhula mzima za vidato viwili, ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine. Juma lililofuata printa ile ile iliunganishwa tena, na Word ikakwama vile vile. Walimu walirudia kusahihisha kutoka kwenye daftari na karatasi zilizobaki, na kwa wanafunzi ambao karatasi zao zilikwisha kurudishwa na kupotea, alama zilikadiriwa. Natumai msomaji anaelewa uzito wa neno hilo, kukadiria, linapotumiwa juu ya mtoto aliyesoma usiku kwa koroboi.

Uzito huo umeongezeka siku hizi. Katika mtaala wa umilisi, shule hupakua zana za tathmini kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, huzichapa zenyewe, kisha huziingiza alama katika tovuti. Zamani mtihani ulifika ukiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Sasa sehemu ya kazi ya mpiga chapa imehamia kwa mwalimu mkuu na karani wake, na sijaona kwamba ufundi wake umehamishwa pamoja nayo. Mafunzo mengi ya kompyuta ambayo walimu hunisimulia huhusu kukoza maandishi, kuchora jedwali na kupachika picha. Mwalimu hufundishwa jinsi mambo yanavyokwenda yanapokwenda vizuri. Hakuna anayemfundisha kulisoma kosa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi na kwamba mwalimu wa Historia hana haja ya kujua kiendeshi ni nini. Nawakumbusha kwamba mafundi wenyewe hupatwa. Mnamo Machi 2021, sasisho la Windows 10 lilizifanya kompyuta nyingi zizimike na kuonyesha skrini ya buluu zilipojaribu kuchapa kwa printa za aina fulani. Julai mwaka huo huo Microsoft ilitoa kiraka cha dharura ili kuziba ufa wa usalama katika huduma ya foleni ya uchapaji, ufa uliojulikana kwa jina la PrintNightmare, na masharti yaliyofuata yakazifanya printa nyingi za ofisini zikatae kuunganishwa pasipo idhini ya msimamizi. Aliyejua kwamba printa na programu zimefungamana alielewa kilichotokea. Asiyejua alinunua kompyuta mpya.

Tena kuna mfano wa mtu ambaye printa ilimfanya afikirie mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili-unde ya chuo cha MIT, Marekani. Printa yao ya awali ilikuwa na desturi ya kukwamisha karatasi, naye aliirekebisha programu yake ili iwaarifu watu kila ilipokwama. Ikaja printa mpya kutoka Xerox, nayo ikakwama vile vile, ila programu yake ilikuja bila ya matini yanayosomeka na mtu. Alipomwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, alinyimwa kwa kuwa mwenzake alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutoitoa. Stallman amelisimulia tukio hilo mara nyingi anapoeleza chimbuko la msimamo wake, na mwaka 1983 aliutangaza mradi wa GNU wa kuunda programu huru. Simtaji kwa kuwa nataka walimu waandike programu. Namtaja kwa kuwa alichokidai awali kilikuwa kidogo sana: kuambiwa kwamba printa imekwama, ili asiendelee kungoja bure.

Hapa lawama inatufikia sisi watu wa Kiswahili, na sitaki kuipitia juu juu. Kwa miaka mingi wanaistilahi wetu wamejadili kama mashine hii iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kama kile cha mkononi kiitwe kipanya au puku. Majadiliano hayo yana nafasi yake. Kazi nzuri imefanywa pia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ilitoa tafsiri zake. Lakini tulitosheka na nomino. Tunayo kichapishi, tunayo kiendeshi, tunayo mipangilio. Kitu tusichonacho ni aya. Mtafute mwanafunzi wa kidato cha 3 umwombe akueleze kwa Kiswahili sanifu ni kwa nini Word imekwama. Ataanza vizuri, atafika katikati, kisha atahamia Kiingereza, na huko nako atatumia maneno aliyoyasikia kwa fundi bila ya kujua maana yake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana kubwa ikiwa hatuwezi kuutumia kuelezea kitu kilicho mezani petu.

Dawa yake imo katika mikono ya walimu wa Kiswahili kuliko ya wataalamu wa kompyuta. Tunafundisha uandishi wa kiuamilifu, na ndani yake tunafundisha maagizo na maelekezo. Miaka nenda miaka rudi mwanafunzi huandika resipe ya pilau na jinsi ya kumwelekeza mgeni kutoka stendi ya matatu hadi nyumbani. Mambo hayo ni mazuri, lakini mwanafunzi huyo hana mgeni, na pilau haipikwi darasani. Apewe tatizo la kweli. Aambiwe aingie katika ofisi ya karani, aulize ni printa ipi iliyo teule, aangalie anwani yake, apime inachukua sekunde ngapi kwa Word kufunguka printa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha aandike maelekezo yasiyozidi ukurasa mmoja, kwa vitenzi vya kuamuru vilivyo wazi, ambayo mtu asiyejua chochote ataweza kuyafuata. Maelekezo mabaya yatajidhihirisha yenyewe, kwa maana karani atayafuata na hatafika. Hakuna insha nyingine ninayoijua ambayo husahihishwa kwa haki kiasi hicho.

Insha itakayoshinda ibandikwe ukutani juu ya printa. Itaje jina la printa ya shule na anwani yake, jinsi ya kuteua ile ya PDF, na jina la mtu mwenye idhini ya kusafisha foleni. Iseme pia, kwa herufi kubwa, kwamba diski isifutwe na mtu yeyote kabla ya alama kunakiliwa mahali pengine. Na kwa sababu zilizo wazi, iandikwe kwa mkono.